Sosi kwa Kipimo cha Whitcomb

Zulmira Fidalgo aliijua kranberi, lile tunda dogo jekundu lenye uchachu, kuliko alivyovijua vidole vyake, lakini hakuwahi kuipika. Alikuwa ameichuma kwa magoti, akisukuma mbele yake kile chombo cha mbao chenye meno kama kitana, mpaka magoti yakaota sugu. Alikuwa ameichambua bandani, amebanana na wanawake wenzake kwenye benchi, mikono ikienda yenyewe na midomo ikisengenya: nzima huku, mbovu kule. Ungempa tunda moja gizani, angelibonyeza kidogo akakuambia limeanza kuoza upande gani. Ila kulitia sufuriani, hapana. Kila Siku ya Shukrani, watu wa Wareham, huko Marekani, walipokuwa wakila bata mzinga wao na sosi nyekundu pembeni, kwa Zulmira bata mzinga alikaa na wali wa maharage na soseji za kwao Visiwani, basi. Mgeni akiuliza sosi iko wapi, alijibiwa kwamba imebaki kwa Whitcomb.

Whitcomb ndiye aliyekuwa mwenye kinamasi. Kranberi haioti juu ya mti. Hutambaa chini kwenye ardhi chepechepe, na ardhi hiyo yote, toka barabara ya reli hadi msitu wa misonobari, ilikuwa yake. Watu waliotoka Visiwa vya Cabo Verde walikuja na migongo yao, naye akaikodi.

Mchumaji alilipwa kwa sanduku. Sanduku lilikuwa na kimo chake, na kila mtu alikijua kama anavyokijua kimo cha mlango wake. Kisha msimu mmoja watu wakafika shambani alfajiri wakakuta masanduku yameongezewa ubao mwembamba juu, upana wa vidole viwili, umepigiliwa misumari kuzunguka mdomo wote. Mnyapara akasema sanduku ni sanduku. Na hata ubao ulipojaa alisimama hapohapo, mikono kiunoni, akisema, "Kilele. Sijaona kilele." Isidoro Fidalgo, mume wa Zulmira, mtu aliyejifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia samaki, akauliza mbele ya kundi zima kama na malipo nayo yameongezewa ubao.

Huo ndio ulikuwa mgomo. Usidhani ulikuwa jambo kubwa zaidi ya hapo. Mambo makubwa huwa ni ubao wa vidole viwili. Watu wakaweka vyombo chini. Polisi wakaja na virungu, wachumaji wengine wakaletwa kwa malori kutoka mbali, baridi ikaua nusu ya matunda, Isidoro akalala rumande. Alipotoka, hakuna mwenye kinamasi aliyetaka hata kumwona akipita barabarani. Alikwenda kupakua mizigo bandarini New Bedford, na bandari ikammaliza. Whitcomb hakung'oa ubao hata mmoja.

Mwaka uleule wa mgomo, Siku ya Shukrani, jirani mwenye huruma alimletea Isidoro bakuli la sosi ya kranberi. Isidoro alilitoa nje, akalimwaga kwenye theluji, akarudi akasema, "Tunda hili halitakaa mezani kwangu mpaka lipimwe kwa haki." Mtoto wao Valentim alikuwa na miaka sita. Aliona ule wekundu nje kwa siku kadhaa, kwa kuwa theluji haikuyeyuka.

Sasa Valentim alikuwa mwanamume mwenye masharubu, na Jumatatu ya wiki ya sikukuu alisimama mlangoni kwa mama yake na sanduku begani, limefunikwa gunia.

"Mama, nimeleta mzigo."

"Uweke nje."

"Nje baridi, utaganda."

"Na ugande."

Valentim alicheka, akaingia nalo, akalitua karibu na jiko. Alikuwa amenunua kipande cha kinamasi mwanzoni mwa mwaka ule, kutoka kwa warithi wa Whitcomb, baada ya miaka ya kufanya kazi melini na kujenga barabara za watu. Huu ulikuwa msimu wake wa kwanza. Zulmira alikuwa amekwenda mara moja tu, majira ya kuchipua, akasimama barabarani, akatazama, akarudi.

"Hii si ya Whitcomb," Valentim alisema. "Whitcomb kafa. Hii ni yetu. Jina liko pale barabarani kwa herufi kubwa, hata kipofu anasoma."

"Kipofu hasomi."

"Mama, nisikilize basi. Alhamisi tunakula kwangu. Shangazi Domingas anakuja na mzee Ruperto. Wao ndio wachumaji wangu wa kwanza, nimewaambia waje wakae mezani kama watu, si kama Whitcomb alivyokuwa akigawa kuku mlango wa nyuma. Nataka meza hiyo iwe na sosi. Na nataka uipike wewe."

"Kwani mkeo hana mikono?"

"Anayo. Akiipika Leonor itakuwa sosi tu. Ukiipika wewe ni neno jingine."

Zulmira alilijua hilo neno jingine. Valentim akavua kofia, akaishika tumboni kama alivyofanya utotoni akiomba kitu.

"Baba alisema mpaka ipimwe kwa haki," alisema. "Sasa anayepima ni mwanawe. Tungoje haki ipi tena?"

Hapo alimpata. Mama akikaa na kiapo miaka yote hiyo, hakai nacho kwa raha. Hukaa nacho kama mtu aliyeshika mlango kwa bega, akimngoja mwenzake aje amwambie, sasa achia. Zulmira alimtazama mwanawe, mikono iliyochanika kwa mashina ya kranberi, shingo iliyokuwa imeanza kufanana na ya Isidoro, na moyo wake ukalegea. Alimtazama yeye, hakulitazama sanduku.

"Nenda zako," alisema. "Nitaipika."

Jumanne alikwenda dukani mwenyewe akanunua sukari na chungwa. Mwenye duka, aliyemjua tangu enzi, alimuuliza kama ana mgonjwa nyumbani.

Domingas alikuja Jumatano asubuhi, ameshajifunga aproni kabla hajaingia. Huyu alikuwa dada yake Isidoro, wifi mtu, na tena rafiki, jambo ambalo halitokei kila siku. Akiwa msichana alipika jikoni kwa Whitcomb misimu kadhaa, kwa hiyo sosi aliijua.

"Vikombe viwili vya matunda, kimoja cha sukari, kimoja cha maji," alisema. "Ganda la chungwa ukipenda. Unangoja zipasuke, unakoroga, unaacha ipoe, inaganda yenyewe. Mtoto anaweza. Mke wa Whitcomb mwenyewe aliweza, na yule alikuwa hajui hata kuchemsha yai."

Wakamwaga matunda mezani kidogo kidogo, wakaanza kuchambua, ingawa Zulmira hakuhitaji kutazama. Zilikuwa kranberi nzuri, ngumu, zenye rangi ya damu ya ini. Ukiangusha moja mezani inaruka. Zulmira alijikuta anajivuna.

"Mtoto anajua kulima," alisema.

"Anajua," Domingas alisema.

Sanduku lilipobaki nusu, Zulmira aliinama kulivuta karibu. Kidole chake kikagusa msumari. Akapapasa pembeni, msumari mwingine. Akaliondoa gunia kabisa. Juu ya mbao za sanduku, kuzunguka mdomo wote, palikuwa na ubao mwingine, mweusi kidogo kuliko wenzake, upana wa vidole viwili. Ubavuni palikuwa na herufi ya Whitcomb iliyochomwa kwa chuma cha moto.

"Domingas."

"Ee."

"Hili ni sanduku gani?"

Domingas hakuinua macho. "La kranberi. Unataka liwe la nini, la maiti?"

"Nimekuuliza vizuri, wifi."

"Alinunua kinamasi na vilivyomo. Banda, pampu, masanduku. Ulitaka ayachome?"

"Mlichumia haya?"

"Tulichumia haya."

"Na kilele?"

Domingas aliokota jani kavu kati ya matunda, akalikunjakunja.

"Wiki ya kwanza hakusema kitu," alisema. "Ya pili akaanza kupita pita. Anafika kwenye sanduku lako, anapapasa juu kwa kiganja, hivi. Hasemi neno. Anapapasa, halafu anaendelea kusimama. Ukiongeza, anaondoka."

"Na wewe shangazi yake ukaongeza."

"Nikaongeza."

"Na watu wote wale wakanyamaza. Ruperto yule aliyelala rumande na Isidoro, akanyamaza."

"Ruperto alitaka kusema. Mimi ndiye niliyemzuia." Domingas aliliweka jani chini. "Nilimwambia, huyu ni mtoto wa Zulmira. Zulmira mwenyewe yupo hai, angekuwa na neno si angesema? Na si mimi peke yangu. Kila aliyenung'unika, mwenzake alimwambia, tulia, mama yake si ndiye yule wa mgomo? Kama yeye ameridhika, wewe nani?"

Zulmira aliendelea kuchambua kwa kuwa mikono yake haikujua kufanya kitu kingine. Kurushiwa mawe na mwenye mali ni jambo la kawaida. Mtu hujikinga, huinama, huokota akarudisha. Lakini yeye alikuwa amekaa nyumbani kwake na kiapo chake, anajiona safi, kumbe huko shambani jina lake lilikuwa likipita mistarini mwa wachumaji kama mnyapara, likiwaambia watu wajaze. Hakuna mtu aliyemlipa kwa kazi hiyo. Aliifanya bure.

"Ungeniambia," alisema mwishowe.

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unakwenda dukani unamsimulia kila mtu kwamba mwanao ana kinamasi."

Hilo nalo lilikuwa kweli.

Zulmira alinyanyuka. Alichukua kikombe cha bati kwenye msumari wake, akakitazama. Kisha akachukua boksi tupu la uji wa shayiri, akakata kipande chembamba cha gamba lake, akakizungusha kwenye mdomo wa kikombe, akakifunga kwa uzi wa kushonea. Kikombe kikawa na kola.

"Ulisema viwili kwa kimoja," alisema.

"Nilisema."

Alichota matunda kwa kile kikombe mpaka kola ikajaa, akaongeza mengine juu kwa mkono, akaongeza mpaka yakawa kilele yanaporomoka sakafuni, akamimina sufuriani. Akafanya hivyo tena na tena. Ilipofika zamu ya sukari, aliifungua kola, akachota sukari kwa kikombe kitupu, akaifuta kwa mgongo wa kisu, na alipoona punje zimebaki juu ya ukingo akazipuliza.

"Wifi," Domingas alisema, "hiyo itakuwa kali. Itawatoa watu machozi."

"Kikombe ni kikombe."

Domingas alicheka kwa sauti, akashika ukingo wa meza. Halafu kicheko kikakatika. "Hii ni sikukuu ya watu, Zulmira. Na yule ni mtoto wako mmoja. Atakuwa amevaa tai."

"Wewe utaila?"

"Mimi?" Domingas alifikiri. "Mimi nilishaila."

Wakawasha gesi. Maji yakachemka, na baada ya muda kranberi zikaanza kupasuka, moja huku, nyingine kule, kisha zote kwa pamoja, na povu la rangi ya waridi likapanda. Harufu ilijaa jikoni, na Zulmira alishangaa kuona kwamba ni harufu nzuri. Miaka yote ile harufu aliyoijua ni ya tope na majani na jasho.

Domingas alikwenda sebuleni kunyoosha mgongo. Mfuko wa sukari ulikuwa mezani, mdomo wazi, na mwiko ulikuwa mkononi mwa Zulmira. Vikombe vichache tu, na Alhamisi ingepita salama. Mwanawe angesimama na tai yake, angesema maneno yake, wangekula, wangecheka, na angemvuta pembeni baadaye amwambie polepole kama mama na mwana. Aliliwaza hilo kwa uaminifu. Alijua pia kitakachofuata: Valentim angesema, "Ndiyo mama, msimu ujao," na masanduku yangekaa bandani yakingoja msimu ujao. Whitcomb naye alikuwa mtu wa msimu ujao.

Alifunga mfuko wa sukari, akaupandisha juu ya kabati, mahali ambapo angehitaji kiti kuufikia.

Alhamisi adhuhuri, Ruperto aliwapeleka wanawake wawili kwa gari lake bovu. Nyumba ya Valentim ilikuwa ukingoni mwa kinamasi, mbao mpya, rangi bado inanuka. Nje kidogo ya baraza masanduku yalikuwa yamepangwa marefu hadi dirishani. Ruperto aliyapita bila kuyatazama, kama mtu anavyompita mbwa anayemjua.

Meza ilikuwa imejaa. Bata mzinga, wali wa maharage, soseji, viazi vitamu, mkate wa mahindi. Leonor, mkewe Valentim, binti wa fundi cherehani wa mjini, aliyekuwa hajui kitu juu ya vinamasi na hakujifanya kujua, alilipokea bakuli la sosi kwa mikono miwili.

"Mama, imeganda vizuri. Tazama inavyong'aa."

"Kung'aa inang'aa," Domingas alisema, akaketi mbali kidogo.

Walipokwisha kuomba, Valentim alisimama. Tai alikuwa nayo kweli.

"Sina mengi," alisema. "Baba yangu aliapa, wote hapa mnajua aliapa nini. Mama akakishika kile kiapo kuliko watu wengine wanavyoshika ndoa." Leonor akatabasamu. "Leo amekubali kuipika, kwa matunda ya kinamasi chetu wenyewe. Kwangu mimi hiyo ndiyo shukrani. Mengine ni nyama."

Akajichotea sosi, kijiko kilichojaa, kisha kingine, akamchotea mkewe, akamchotea Ruperto. Akatia tonge kubwa la sosi mdomoni.

Uso wake ulifanya kazi kubwa. Ulikaza, ukalegea, jicho moja likafumba. Leonor aliipeleka leso mdomoni na hakuishusha. Ruperto, ambaye hakuna aliyemwambia kitu, alitafuna, akameza, akanywa maji yote ya gilasi, akasema bata mzinga ameiva vizuri.

"Mama," Valentim alisema, sauti imekwaruza, "umesahau sukari."

"Sikusahau. Kikombe kimoja kwa viwili. Shangazi yako ni shahidi."

"Vikombe gani vinavyopima hivi?"

Zulmira alifungua mkoba wake, akatoa kikombe cha bati na ile kola ya gamba, akaivisha mdomoni, akakiweka katikati ya meza kando ya bata mzinga.

"Hiki cha matunda," alisema. "Na cha sukari ni hikihiki, bila kola. Matunda nilijaza kilele. Nilipapasa juu kwa kiganja, nikaona bado, nikaongeza."

Leonor alimtazama mumewe, akakitazama kikombe, akamtazama tena mumewe. Valentim alikuwa amekaa.

"Niliyakuta hivyo," alisema.

"Baba yako pia aliyakuta hivyo."

"Mama, unaniaibisha nyumbani kwangu, mbele ya watu."

"Hawa si watu. Hawa ni wachumaji wako. Ndio walioongeza, mistari mizima."

"Unadhani mimi sipimwi?" Sasa alikuwa amekasirika, na hasira ilimrudishia rangi. "Nikifika kiwandani kuuza wananikata kwa mbovu, wananikata kwa majani, wananikata kwa unyevu, wananiambia bei imeshuka tangu asubuhi. Mimi kilele napigwa kila wiki. Benki haiulizi baba yangu aliapa nini. Kinamasi kile nisingekishika hata msimu mmoja kwa masanduku ya kufutwa juu."

"Basi kagombane na wa kiwandani. Niambie siku, nitakuja na bango, kwa magoti haya haya. Ila wewe umekutana na mkubwa anakukamua, ukageuka nyuma kutafuta nani mdogo, ukamwona shangazi yako."

"Hakuna aliyelalamika." Valentim aliwageukia. "Shangazi, sema wewe. Kuna hata mmoja aliyelalamika? Mzee Ruperto?"

Domingas aliweka uma chini. "Hakuna."

"Umesikia, mama."

"Hakuna," Domingas alisema, "kwa kuwa tulidhani mama yako amekubali. Tuliambizana hivyo, baba. Zulmira yupo, Zulmira kanyamaza, basi ni halali. Kwa jina lako peke yako tungekutia hilo sanduku kichwani."

Zulmira alimngoja mwanawe ashtuke. Alikuwa amejiandaa kwa hilo tangu jana; alijua atamwona akishtuka, naye atamwonea huruma, na hapo ndipo watakapoanzia. Valentim hakushtuka. Alikuwa akiutazama ukingo wa sahani yake.

"Ulijua," Zulmira alisema.

Aliusogeza uma kando ya sahani.

"Valentim. Ulijua kwamba wanadhani hivyo."

"Niliwasikia," alisema. "Wiki ile ya pili. Nilikuwa nyuma ya banda." Alisugua masharubu kwa kidole. "Sikusema kitu. Sikusema uongo."

Kumbe ndiyo maana ya sosi. Zulmira aliliona lote kwa mara moja, kama mtu anavyoona mistari ya shamba akipanda juu ya tuta: sosi yake juu ya meza hii, mbele ya Domingas na Ruperto, ingekuwa muhuri. Msimu ujao yeyote atakayenung'unika angeambiwa, mwaka jana si aliipika mwenyewe. Huenda mtoto hakulipanga lote hivyo. Huenda alitaka tu mama yake ale naye. Watu wengi huchanganya mambo hayo mawili mpaka wao wenyewe hawayatofautishi.

Alinyanyuka, akachukua koti lake kwenye kiti.

"Kaa, shemeji," Ruperto alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza azungumze tangu alipomsifu bata mzinga. Zulmira alisimama na mkono mmoja ndani ya koti.

"Ukiondoka," Ruperto alisema, "yeye atabaki na masanduku, na sisi tutabaki na yeye. Wewe utakuwa umekasirika vizuri, kwako. Isidoro alikuwa hatoki chumbani mpaka mtu ajibu."

Hakuna mwingine hai ambaye angeweza kumwambia hivyo. Zulmira akautoa mkono kwenye koti, akaketi. Hakumtazama Ruperto.

"Haya," alimwambia mwanawe. "Jibu."

"Nitayang'oa," Valentim alisema. "Msimu ujao, kabla ya..."

"Sikusikia."

"Jumatatu."

"Jumatatu wachumaji watakuwa bandarini wanatafuta kibarua," Ruperto alisema. "Mimi niko hapa leo. Nyundo ya kung'olea iko wapi?"

Valentim alimtazama mzee yule, akamtazama mama yake, akatafuta kwa macho mtu wa kumwambia kwamba leo ni sikukuu. Leonor ndiye aliyekuwa karibu.

"Iko chini ya ngazi," Leonor alisema. "Nimeiona asubuhi."

Alilegeza tai, akatoka. Ruperto akamfuata, akichukua mguu wa bata mzinga njiani. Wanawake walisikia msumari wa kwanza ukilia kwenye mbao, mlio mrefu kama wa nguruwe, kisha wa pili.

"Na msimu huu uliokwisha?" Domingas aliuliza kwa sauti ya chini. "Vilele vilivyokwisha kwenda?"

"Tutaufikia," Zulmira alisema. "Hajamaliza hata sanduku moja."

Leonor alisimama, akalichukua bakuli la sosi, akalimimina sufuriani na kuwasha jiko. Hakumuuliza mtu ruhusa. Sosi ikaanza kulegea. "Mama, niweke sukari kiasi gani?"

"Usiweke wewe. Mwite aliyepima."

Valentim aliingia na baridi mgongoni, mkono mmoja umechubuka. Mkewe akampa mfuko wa sukari na kikombe cha bati, kola imetolewa. Alielewa, au alichoka kubisha. Kwa kazi ya siku ile yote mawili yalitosha. Alitia kikombe kimoja, akakoroga. Alimnyooshea mama yake mwiko aonje.

"Mimi sijachuma msimu huu," Zulmira alisema.

Akamnyooshea shangazi yake. Domingas alionja na ncha ya ulimi, akatazama dirishani, ambako masanduku mengi yalikuwa bado yamesimama na ubao wake na Ruperto akitafuna kando yao.

"Bado," alisema, akamrudishia mwiko.